Mpagazi wa Karoti

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, mpaka mkunga akauliza huyu kaja kudai nini. Kwa hiyo siku ile katika soko la Morogoro, mwanamke nisiyemjua aliponyakua furushi langu na kulikalia, nilipiga ukelele wa "Mwizi!" ambao nadhani ulifika mpaka mlimani kwao.

Lakini ngoja nianze nilivyofika. Mume wangu alifariki kwetu, upande wa Tabora, katika ile miaka ya kuhamia vijijini, wakati kila kaya inaonyeshwa mahali pake pa kujenga na sisi bado hatujamaliza hata kuezeka. Aliniachia binti mmoja, mdogo, ndiyo kwanza maneno yake yameanza kueleweka. Mahari yangu ilikuwa imetolewa yote, na kwa sisi Wanyamwezi mahari ikishatoka, mtoto ni wa upande wa baba. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ningepata wa kumlaumu, lakini hakuwa. Nilipokataa kurithiwa hakunigombeza. Aliniambia, "Sawa shemeji, nenda katafute maisha. Ukipata kazi ya kueleweka na mahali pa kulala, mtoto nitakuletea mimi mwenyewe. Lakini mtoto wa ndugu yangu hawezi kwenda kulala stesheni."

Alikuwa na haki. Niliondoka mtoto akiwa amelala, maana angekuwa macho nisingeweza kuinua mguu.

Morogoro nilikuwa na mjomba, kibarua katika shamba la mkonge. Nikashuka treni asubuhi, nikatembea mpaka kambini kwao na vumbi langu, nikaambiwa mjomba amehamishiwa Tanga tangu masika. Basi. Nikasimama pale na furushi langu, mkonge huku na mkonge huku, nikaangalia ile milima ya Uluguru imejazana mbele yangu. Kwetu ni tambarare, unamwona mgeni wako tangu asubuhi na anafika jioni. Sikuwa nimezoea nchi inayokuzibia njia namna hiyo.

Nikarudi mjini kuuliza kazi. Kufua, kupika, kulea watoto, lolote. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni foleni, sukari foleni, na unga wenyewe ni ule wa njano tuliouita yanga. Watu hawakuwa na cha kumpa mtu mwingine. Tena mji haukutaka mtu asiye na kazi. Ukionekana unazurura, unapakiwa kwenye lori unarudishwa kijijini kwenu ukashike jembe. Mimi jembe silikatai, nimekulia jembeni. Ila ningerudi mikono mitupu, na mtoto ndiyo basi tena. Nikaingia sokoni, kwa sababu sokoni hata asiye na shughuli anaonekana anayo.

Hapo ndipo nilipomkuta. Mwanamke wa makamo, amekaa kwenye gunia nyuma ya karoti na kabichi, mguu mmoja kaukunja na mwingine kaunyoosha mbele, wapita njia wanaukwepa. Nikampa shikamoo yake kwa sababu alinizidi umri.

"Marahaba. Kwenu wapi, mbona unaongea kama mtu wa bara huko?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi ndiyo. Kuna ubaya?"

Alinyoosha mkono, akalivuta furushi langu lililokuwa miguuni pangu, akaliweka juu ya gunia lake na kulikalia. Kisha akaendelea kupanga karoti.

Ndani ya lile furushi mlikuwa na kanga zangu mbili, sufuria, na gauni la mwanangu nililolichukua kwa ajili ya kulinusa. Ndiyo, kulinusa. Nikapandwa na hasira. "Mwizi! Jamani mwizi!" Nikamvuta kanga mabegani, nikamvuta na mkono, yeye kakaa tu, mzito. Watu wakageuka. Kuitwa mwizi sokoni si mchezo, mtu anaweza kupoteza uhai. Muuza kahawa, mzee mmoja mwenye kofia, akaja mbio na birika lake mkononi.

"Wee mama, wee! Unamwitia mtani wako mwizi?"

"Mtani gani? Mimi simjui huyu!"

"Huyo Mluguru, wewe Mnyamwezi. Kwenu hukufundishwa?"

Nilifundishwa, tena sana. Babu yangu alikuwa akitusimulia jinsi babu zake walivyobeba pembe za ndovu kutoka kwetu mpaka pwani, wakipita chini ya milima hii hii, wakigombana na wenyeji juu ya maji na chakula, mpaka wote wakachoka kugombana. Basi ugomvi wakaugeuza utani. Mtani anaweza kukutukana hadharani. Anaweza kukunyang'anya kitu chako na kukikalia. Wewe huruhusiwi kukasirika, unakikomboa kwa anachotaka yeye, na kesho ukimwotea na wewe unamnyang'anya. Lakini anayekasirika ameharibu, na aliyeharibu anaongezewa malipo. Haya yote niliyajua. Ila Mluguru nilikuwa nikimsikia tu, sikuwahi kumwona kwa macho, na njaa ilikuwa imenifuta akili.

Soko zima linacheka. Mimi nimesimama, machozi yananitoka kwa hasira na aibu. Yule mwanamke akainua uso.

"Kanitukana mwizi mbele ya wateja wangu," akawaambia watu. "Sasa furushi halitoki kwa maneno matupu. Babu zake walibeba pembe za Waarabu bila kuchoka. Huyu atanibebea karoti."

Ndivyo nilivyopata kazi Morogoro. Niliuliza kwenye milango yote ya mji, nikajibiwa hapana, halafu nikaipata kwa kuporwa.

Alikuwa na nyumba Bigwa, chini kabisa ya mlima, ya udongo lakini ya bati. Mjane kama mimi, watoto wake wakubwa wote wameolewa na kuoa. Kwao hasa ni mlimani, na alikuwa na ndugu waliolima kabichi, karoti na njegere kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu hata kufunga mbuzi. Asubuhi wanawake wa mlimani walishuka na mizigo kichwani mpaka Bigwa, naye akaipokea na kuipeleka sokoni. Zamani alikuwa akibeba mwenyewe. Kisha akateleza kwenye njia ya mlimani, goti likaumia, na tangu hapo hakutia mzigo kichwani. Hilo la goti hakuniambia yeye. Niliambiwa na hao ndugu zake.

Usiku wa kwanza alinilisha ugali wa yanga na mboga za maboga, akanipa mkeka na chumba cha uani. Furushi akalirudisha. Nilipolifungua nikakuta hakuna kilichoguswa, na juu ya gauni la mwanangu kaweka kipande cha mdalasini kutoka Kinole, huko mlimani kwao, lisiingiliwe na wadudu. Nikamwuliza, "Sasa mbona umerudisha na sijabeba bado?" Akasema, "Kwa sababu huna pa kwenda, mpagazi. Nikulinde ya nini?"

Nikalikunja gauni upya, na mdalasini wake ndani. Nikalala.

Kazi yenyewe ilinifundisha adabu. Kubeba kichwani nilikuwa najua tangu utoto, tunabeba maji kwetu. Lakini kubeba tambarare ni kubeba, na kubeba mteremkoni ni elimu nyingine. Siku aliyonipandisha mlimani kufuata mzigo kwa ndugu zake, nilishuka kama ninavyotembea kwetu, kifua mbele. Loo! Tenga likatangulia, mimi nikafuata kwa makalio, na karoti za watu zikateremka zenyewe mpaka mtoni. Wale wanawake wa Kiluguru waliweka mizigo yao chini ili wapate nafasi ya kucheka vizuri. Mmoja alikaa kabisa kwenye nyasi, anajishika mbavu. Kisha wakaja wote tukaziokota. Wakanionyesha: unashuka ubavu, kidole gumba cha mguu kinatangulia kuuliza udongo, ngata ya kichwani unaifunga kwa majani mabichi ya mgomba isiteleze. Tena usikimbie, mlima hauendi popote.

"Wanyamwezi wamezoea kulala njiani," wakasema.

"Na nyie mnalima mmejifunga kamba kiunoni msiporomoke," nikawajibu. "Mtu akipiga chafya shambani anazikwa bondeni."

Wakapiga vigelegele. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu msiba.

Lakini kila nilichobeba nilikibeba nikimhesabia mwanangu. Karoti hizi za kumleta. Kabichi hizi za kumleta. Mtani wangu alilijua hilo, maana nilimweleza kisa chote, naye kilimshangaza mpaka akaacha kumenya njegere.

"Mtoto wa kike awe wa ukoo wa baba? Kivipi? Kwetu mtoto ni wa mama yake, na ukoo ni wa mama, na shamba linafuata mama. Baba ni mgeni, tunamheshimu tu."

"Kwetu ni mahari."

"Mahari ilimzaa?"

Nikamwambia nyamaza, hujui. Kusema kweli nilikwenda kulilia uani, kwa sababu nilitamani kwetu kuwe kama kwao.

Kisha akaja balozi wa nyumba kumi, mzee mpole anayependa utaratibu. Akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama, mgeni huyu mbona simwelewi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anafanya kazi gani?"

"Nimemteka," akasema mtani wangu. "Ni mateka wangu wa utani. Ananibebea mizigo."

"Kubeba karoti ndiyo kazi? Wakija wa msako nikawaambie hivyo?"

"Kesho alfajiri njoo ubebe wewe tenga moja mpaka sokoni, halafu utuambie kama ni kazi au ni ngoma."

Balozi akacheka, akaondoka. Mimi sikucheka. Nilijua shemeji yangu naye akifika atauliza swali hilo hilo, kubeba karoti ndiyo kazi? Na yeye hatacheka. Nikamwambia mtani wangu. Akaendelea kujikanda lile goti. Wiki iliyofuata aliinuka kwenye gunia lake sokoni, akasogea upande, akaniambia, "Kaa hapa. Njegere uza wewe. Tena usiwakaripie wateja, hiyo sura yako iliyomshangaza mkunga uiache Bigwa."

Niliuza njegere. Baadaye nikauza na pilipili manga na ndizi kutoka Kinole. Wateja niliwakaripia, ndiyo, lakini walirudi, nadhani walikuwa wakija kusikiliza. Asubuhi nikawa nabeba, mchana nikawa nauza. Masika ikapita, kiangazi kikapita, masika nyingine ikaja. Nikapaka chokaa chumba cha uani, nikanunua kitanda cha kamba. Hapo ndipo nikatuma salamu kwa mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa akisafiri: mwambie shemeji, kazi ipo na paa lipo. Majibu yakaja kwa njia hiyo hiyo. Shemeji ana safari ya Dar es Salaam, atashuka na mtoto Morogoro treni ikisimama. Akiridhika atamwacha. Asiporidhika ataendelea naye, na kurudi naye Tabora.

Siku hiyo tulikwenda stesheni tangu alfajiri. Mtani wangu alivaa kanga yake ya kanisani. Mimi nilivaa nini sikumbuki, nakumbuka miguu ilikuwa baridi. Treni ikaingia, vijana wa machungwa wakaikimbilia, na katikati ya watu nikamwona shemeji anashuka, furushi dogo begani, na amemshika mkono mtoto mrefu.

Mrefu! Nilimwacha ananifika gotini. Nikakimbia, nikachuchumaa mbele yake, nikafungua mikono.

Akajificha nyuma ya shemeji.

Nikamwita jina lake la utotoni. Akashika suruali ya baba yake mkubwa kwa mikono miwili na kuficha uso. Nikajaribu kumgusa, akalia. Kilio kile cha mtoto anayeogopa mtu. Nilitoa lile gauni lake la zamani nikamwonyesha. Akalitazama kama anavyotazama kitambaa cha mtu mwingine. Jamani, nilijiandaa kwa kila kitu. Kwa maswali ya kazi nilikuwa na majibu, ya chumba nilikuwa nayo. Hili sikuwa nimelifikiria.

Shemeji akasema taratibu, tena kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliniua, "Shemeji, nasikia unajitahidi. Lakini unaona mwenyewe. Mtoto hakujui. Nikimwacha hapa nitakuwa nimemtesa. Labda mwaka mwingine." Akainama amnyanyue. Treni ilikuwa ikipiga honi.

Nikabaki nalikunja lile gauni na kulikunjua. Mimi, mwenye mdomo huu.

Mtani wangu akapita mbele yangu na goti lake bovu. "Mbona huniamkii, wewe Mnyamwezi wa suruali?" akamwambia shemeji, na kabla hajajibu akamchukua mtoto mikononi mwake, akaenda kukaa naye juu ya rundo la magunia pale jukwaani. "Nimeteka. Huyu wangu. Anayemtaka amkomboe."

Shemeji akaduwaa. Kisha nikaona uso wake unabadilika, anaelewa. "Mluguru?" akauliza.

"Wa mlimani kabisa."

Na shemeji yangu, aliyefundishwa utani na babu zake kama mimi, hakuweza kukasirika. Hiyo ndiyo sheria, na yeye ni mtu wa sheria. Akatoa shilingi. Mtani akazitazama, akazirudisha. "Weka pesa zako, utalia njaa Dar es Salaam." Akatoa leso, ikakataliwa. Watu wakaanza kukusanyika na kucheka. Mtoto aliacha kulia, anaangalia huku na huku, machozi bado mashavuni.

"Na wewe?" mtani akanigeukia. "Unatoa nini?"

Nikatoa kanga ya mabegani. "Haitoshi." Nikatoa hereni zangu. "Hazitoshi, za bati hizo." Nikamwambia nitakubebea tena bure, mwaka mzima, nitapanda mlimani kila siku. "Hunitishi, unabeba siku zote." Na hapo, kwa kweli, nilisahau kwamba ni utani. Nilipiga magoti kwenye kokoto za reli nikalia kwa sauti mbele za watu, "Nipe mwanangu! Nakuomba, nipe mwanangu, sina kingine!"

Watu wakaacha kucheka. Hata mtani wangu midomo ilimcheza, lakini hakumwachia mtoto.

Mtoto ndiye aliyegeuka. Akamtazama yule mama aliyempakata, akampiga kofi dogo la mkononi. "Mpe bwana," akasema. "Mbona unamliza?"

"Nimpe nini?"

"Mimi. Nipeleke kwake."

Akatelemka mwenyewe kwenye magunia, akaja mpaka nilipopiga magoti. Akasimama karibu, si karibu sana. Kisha akachukua lile gauni la zamani nililokuwa nimeling'ang'ania, akanifuta nalo uso, kwa nguvu, kama tunavyowafuta watoto makamasi.

"Amekombolewa," mtani wangu akatangaza. Shemeji alisimama akitutazama. Akaliweka furushi la mtoto chini, miguuni pangu, akasema, "Haya shemeji. Nitapita nikirudi, niwasalimie." Akapanda treni yake.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na nilipomwuliza kama siku ile alinikumbuka, alisema hapana. "Sikukujua kabisa, mama. Nilikuonea huruma tu." Haniongopei, hasira zangu kazirithi. Nami sikudai zaidi. Tulianzia hapo kwenye huruma, mengine yakaja kwa kula pamoja.

Tulipotoka stesheni alikubali nimbebe mgongoni, kwa sababu alikuwa amechoka. Hakushika shingo yangu, alishika kanga. Tulipofika njia ya Bigwa akaniuliza sikioni, "Wewe ni mama wa nani?"

"Wako."

Akafikiri. "Basi usiende tena nikiwa nimelala."

Nikamwahidi. Kwa muda sikuona njia vizuri. Nilipopangusa macho na kugeuka kumtafuta mtani wangu, nikamwona nyuma yetu, anachechemea ubavu ubavu kama mtu wa mlimani ashukavyo, kanga yake ya kanisani imeingia vumbi, na kichwani kwake, juu ya ngata, ametia furushi la mwanangu.

"Mpagazi!" nikamwita. "Usibaki nyuma!"

Alinitukania babu zangu wote, mmoja mmoja, mpaka tukafika nyumbani.